Muulize Mwalimu Kwanza

Siku ile wafanyabiashara wa Jabe walipoipaka rangi shule ya mtaa wetu, mwanangu, ningali naiona mbele ya macho. Nilikuwa msichana, nauza misumari na kufuli katika duka la kaka yangu Yusufu, naye alikuwa mmoja wa waliochanga. Ukuta ulikuwa wa buluu, majina ya maduka yameandikwa juu yake kwa herufi kubwa, Fanta zimepangwa mezani na hotuba hazina mwisho. Kaka alivaa koti. Koti lenyewe alikuwa ameliazima, lakini hilo tuliache.

Hotuba zilipokwisha akasimama Mama Zaituni, muuza vitenge, mkubwa wetu sote pale sokoni. Hakuomba ruhusa ya mtu.

"Muzigo yenu ikiwa ku bandari," alisema, "munaenda kuuliza asubui, munarudi mangaribi. Ule mutu wa kuwatolea muzigo munajua jina yake, hata bibi yake munamujua. Sasa muniambie: mwalimu wa darasa ya sita anaitwa nani?"

Mwalimu mwenyewe, Madamu Spès, alikuwa amekaa nyuma kabisa, na hakuna aliyekuwa amemkaribisha mbele. Mama Zaituni akamwita, akamuuliza shule ina shida gani. Madamu akaona bora aseme.

"Watoto wanasoma nusu ya siku, juu vyumba ni kidogo. Saa sita hawa wanatoka, wengine wanaingia. Kurudilia masomo, apana. Nikiwatafuta, nawakuta ku soko, wanauza ku meza zenu. Mi siwezi kushindana na nyinyi."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma.

Mdogo wetu Aisha alikuwa darasa hilo la sita. Akitoka shule alikuja moja kwa moja kuuza mifuko mbele ya duka la kaka. Hatukuona ubaya wowote. Watoto wengi wa Jabe walikua hivyo. Lakini mimi nililala naye chumba kimoja, nilijua kwamba ukurasa mmoja wa Kifaransa ulimtoa jasho. Akianguka mtihani wa taifa, njia ya sekondari ingefungwa, abaki kwenye meza ile ya mifuko. Nilimwogopea sana, na kumwambia kaka sikuthubutu.

Mama Zaituni alitoa nusu ya depo alimokuwa akiweka vitenge. Seremala akaunda mabenchi kwa mbao zilizobaki, mwingine akaleta taa, na Madamu akapanga masomo ya mchana. Sharti lilikuwa moja tu: saa za kusoma, mtoto asiuze. Hapo ndipo maneno yalipoanza! Kupaka ukuta walikubali wote, ila kumwachilia mtoto akasome, wengi waligeuka viziwi. Kaka naye alikuja juu.

"Na meza yangu, nani ataiangalia?"

"Mukiriya wa kununua mifuko akienda leo, Yusufu, kesho utapata mwengine," Mama Zaituni alimjibu. "Mwaka ya Aisha utaipata wapi?"

Kaka alikunja uso siku nyingi, lakini Aisha akaenda. Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, kaka alipitia kwa Madamu kuuliza habari za mdogo wake, kama alivyozoea kuulizia saruji yake bandarini. Mara nyingine alirudi amenuna. Siku moja alirudi na habari nyingine: Madamu alikuwa amemwambia kwamba Aisha haoni vizuri ubaoni. Miaka yote hiyo tulimwita mvivu, mwanangu, kumbe macho. Tukamtafutia miwani.

Matokeo yalipofika, mkurugenzi wa shule aliyasoma uani kwa sauti. Si wote waliopita, na wapo waliorudi nyumbani wakilia. Jina la Aisha lilipotajwa, Yusufu, ambaye hata kwenye msiba wa baba yetu alijikaza, alilia kwa sauti mbele ya wateja wake waliojaa pale uani.

Leo wewe una ofisi yako mtaa wa Mutanga Sud, na umeniambia unataka kuipelekea shule kompyuta zenye nembo ya kampuni yako. Ni moyo mzuri, sikukatishi tamaa. Ila nenda kwanza bila mpiga picha. Kaa na mwalimu, muulize watoto wanakwama wapi, na ulipokee jibu hata likikugusa wewe mwenyewe. Pengine atakuambia kompyuta, pengine atakuambia maji ya kunywa. Ukishatoa, rudi ukaulize tena, mwezi ujao na mwakani, mpaka mlinzi wa getini akuchoke. Mfanyabiashara na mwalimu wakifahamiana hivyo, mtoto huendelea.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu, na akujalie siku moja ulie kama alivyolia kaka yangu.