Ufito Ulioachwa Badala ya Pikipiki

Mama yangu alikuwa na kesi moja dhidi ya baba, na hakuifuta mpaka uzeeni: wenzake baba walioishi vizuri na wazungu wa misheni waliachiwa pikipiki, yeye akaachiwa ufito.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kamachumu, na kila Jumapili alimtafsiria mmisionari mmoja mahubiri yake kwa Kihaya. Mahubiri yalikuwa makavu, baba akiyatia chumvi njiani, na mzungu akashangaa jinsi watu walivyomwelewa. Vita ilipoanza na mabomu yakaanguka Bukoba, mmisionari aliondoka kwa haraka. Mwinjilisti wa Izigo akapewa pikipiki. Baba, aliyefunga safari hadi Bukoba kumuaga, akapewa mfuko mrefu wa kitambaa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na mshipi uliokunjwa, na vipande viwili vya kitu chembamba cha rangi ya chai ya rangi, kimoja kikiwa na mpini wa koki, ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa, vyote vimefungwa vipete vya waya kwa uzi mwekundu. Ulikuwa ufito wa kuvulia samaki. Si kwa chambo cha kawaida, bali kwa nyoya lililofungwa kwenye ndoano likafanana na mdudu. Tulishawahi kumwona mmisionari mwenyewe amesimama kwenye mawe ya ziwani Bukoba, akirusha mshipi mbele na nyuma kana kwamba anafukuza nzi. Wavuvi wa nyavu waliacha kupiga makasia ili wamtazame. Sikusikia kwamba alipata hata furu mmoja.

"Hata kuku wangu anajua nyoya haliliwi," mama alisema. "Sasa samaki ndiye mjinga?"

"Hii ni faibaglasi," baba alimjibu, kwa sauti ya mtu anayetaja dhahabu.

Wakati anarudi nao kutoka Bukoba, mgambo walimshusha garini kwenye kizuizi cha njiani. Vita ni vita, na mtu mwenye fimbo ndefu yenye vipete vya waya anafanana sana na mtu mwenye antena ya redio ya adui. Baba akaunganisha vile vipande viwili, akasimama katikati ya barabara, akaanza kurusha mshipi usiokuwa na ndoano, mbele na nyuma, kama alivyomwona mmisionari. Mgambo mmoja akamuuliza kwa upole, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mwalimu, samaki yuko wapi?" Wakamwachia. Nadhani walimwonea huruma.

Tangu hapo ufito ulikaa nje, chini ya upenu, pamoja na majembe na mikeka ya kuanikia kahawa, kwa sababu mama alikataa usiingie ndani. Baba hakubishana. Alikuwa na imani moja tu, na aliirudia kila alipochokozwa: "Atakuja anayejua. Siku hiyo mtanyamaza." Alichotaka baba maishani mwake hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja mwenye ujuzi asimame uani kwetu na kumwambia mama kwamba mmisionari hakumdharau.

Miaka ikapita, yakaja yale mambo mengine. Sina haja ya kuyaeleza kwa mtu wa kwetu. Kila kijiji kilikuwa na makaburi mapya kwenye migomba, na ugonjwa huo watu waliutaja kwa kuzungukazunguka. Baba mdogo, mdogo wake baba, alirudi kutoka Bukoba alikokuwa na duka la vitambaa, akiwa amekwisha mwili. Yeye ndiye aliyekuwa mcheshi wa ukoo wetu. Ndiye pekee aliyemtetea baba kuhusu ufito, ingawa nashuku alifanya hivyo ili kumchokoza shemeji yake.

Kwetu mtu akikaribishwa hupewa mrija. Kibuyu kinawekwa katikati, iwe lubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe mramba ambao ni maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka, na mrija mmoja huzunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Kumpokonya mtu mrija ni kumwambia kwamba si wa hapo. Miaka ile watu walianza kuja na mirija yao mifukoni. Na baba mdogo alipokaa kwenye mkeka, mrija uliotoka kwake haukupokelewa na mtu. Ulibaki mkononi mwake, naye anaugeuzageuza kama mtu anayeukagua.

Halafu mdomo wake ukajaa vidonda. Bakuli likammwagikia kifuani, kijiko kikamuumiza, na mrija wa tete una makali kwenye ncha, ukamchana. Akaanza kukataa kunywa. Mama alikamua mramba kila asubuhi, akauchuja mara mbili, na jioni akaumwaga.

Siku moja mchana baba alitoka nje, akachukua ufito wake chini ya upenu, akatenganisha vipande. Faibaglasi ina uwazi ndani toka mwanzo hadi mwisho, na ni laini kuliko tete lolote. Alikata kile kipande cha juu kwa msumeno wa chuma. Mama alishika upande wa pili ili usitikisike. Siku hiyo hakutaja pikipiki. Baba alisugua ncha kwa jani la msasa mpaka nikaipitisha kwenye midomo yangu bila kusikia kitu. Kile kijiti chembamba kilichobaki mama alikitumia kufukuzia kuku kwenye kahawa.

Baba mdogo alikunywa. Akaangalia kile kipete kimoja kilichosalia kwenye uzi mwekundu, akasema, "Shemeji, mimi ndiye samaki wa kwanza." Mama alicheka hadi akalazimika kukimbilia jikoni, na alichukua muda kutoka. Na kila baba mdogo alipomaliza funda lake, baba aliupokea mrija uleule, mbele ya wageni, akanywa na yeye. Hakuhubiri. Alikunywa tu, akajipangusa masharubu.

Baba mdogo alifariki kabla ya msimu wa senene. Mrija ulitundikwa msumarini kwa kile kipete chake.

Anayejua alikuja baadaye sana. Alikuwa daktari mgeni, mzee, mzungu mwenye Kiswahili cha adabu iliyopindukia, aliyepitishwa kwetu kwa sababu baba alikuwa amestaafu na anajua kutafsiri. Macho yake yakaenda moja kwa moja chini ya upenu. Aliomba ruhusa, akaketi, akaushika ule mpini kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Akasoma maandishi ya wino yaliyofifia juu ya koki: urefu na uzito wa mshipi. Akaeleza kwamba siku hizi hawatengenezi tena hivi, kwamba kipande huingia ndani ya kipande bila chuma, kwamba rangi ile ni ya mafundi fulani wa zamani na wapo watu kwao wanaoitafuta.

"Mheshimiwa mwalimu," akasema, "ukiwa kamili, unaweza kukununulia ng'ombe wa maziwa."

Baba hakumtazama mama. Naapa aliongezeka urefu pale alipoketi.

"Tafadhali, kipande cha juu kiko wapi?"

Baba akakiinamia kikombe chake cha chai. Mgeni akasubiri, akaelewa kwamba hakipo, akasikitika kwa dhati. Bila kipande kile, alisema, samahani sana, huu ni ufito tu.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesubiri neno hilo kutoka kwa mtaalamu tangu vita. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mrija, akamwekea mgeni mkononi.

"Hiki hapa," alisema. "Shemeji yangu alikuwa na vidonda mdomoni. Na wewe usiuite ufito."

Mgeni aliugeuza mrija, akaona kipete na uzi mwekundu. Aliurudisha kwa mikono miwili.

Alipoondoka, mama aliufuta ufito kwa upindo wa khanga, akaurudisha kwenye mfuko wake pamoja na mrija, akaupeleka chumbani kwao nyuma ya mlango. Baba alikuwa bado ameketi, anangoja kesi yake isomwe.

"Ng'ombe wa maziwa, mwalimu," mama alisema kutoka ndani. "Na pikipiki pia tuliikosa."

"Ego," baba akakubali.

Kisha sauti ya mama tena, si ile ya uchokozi.

"Lakini pikipiki isingemnywesha shemeji."