Swichi Mbili Kwenye Korido

Tabita alipoacha chuo mwaka wa pili ili awe fundi umeme Tunduma, baba yake hakugomba. Mzee Yesaya, mwalimu mstaafu wa hisabati pale Isansa, aliacha tu kumuuliza habari za kazi. Kwenye simu waliongelea mvua, kahawa na wagonjwa wa kanisani, basi.

Mwaka huu mzee alianguka gizani kwenye korido, akaumia nyonga. Tabita akaja kutoka Tunduma na begi la vifaa. Aliweka taa moja yenye swichi mbili, moja kwenye mlango wa chumbani, nyingine kwenye mlango wa uani, halafu akabonyeza ya chumbani. Taa ikawaka.

"Nikibonyeza na hii ya huku?" aliuliza mzee.

"Itazima, baba. Zikilala upande mmoja inazima, zikipishana inawaka."

Yesaya alibonyeza, akabonyeza tena.

"Hili ni jedwali la ukweli, mwanangu. Kweli na kweli, jibu uongo; kweli na uongo, jibu kweli. Nimeliandika ubaoni miaka yote."

"Najua. Si ulinifundisha mwenyewe? Kila nikichora nyaya za nyumba nalitumia."

Mzee hakuwa amelijua hilo. Alikaa kitini taratibu, akaanza kusimulia. Zamani, Mwingereza mmoja alitaka kuandika fikra za binadamu kwa alama, kama aljebra, kila sentensi iwe kweli au si kweli. Wengi waliona hayo ni mambo ya vitabuni tu. Karibu miaka mia baadaye, kijana wa Marekani akaona kwamba swichi za umeme zinafuata kanuni zilezile.

"Kumbe waya ungeweza kukokotoa," alisema. "Kompyuta zimepita njia hiyo. Niliwaambia wanafunzi, lakini sikuwahi kuishika kanuni yenyewe kwa mkono."

Tabita hakurudi chuoni, wala mzee hakumwomba. Muhula uliofuata shule ya jirani iliwapa kipindi kimoja: mzee na fimbo yake ya kutembelea mbele ya ubao, binti mezani na swichi zake. Mwanafunzi mmoja akauliza kama simu nayo ina swichi ndani. Yesaya akamgeukia Tabita.

"Mabilioni," alijibu Tabita. "Ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na kila moja inajua kuwaka na kuzima tu."

Darasa likaguna. Mzee akachukua chaki, akaanza kuchora jedwali.