Tabaka Nane za Ngozi

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Wale aliokua nao walimwita Nusu, lakini si mbele yake. Alikuwa fundi viatu, mfupi wa kimo na mpana wa mabega, na chumba chake cha kazi, humohumo nyumbani kwake, kilikuwa chini kidogo ya usawa wa njia, kwa hiyo kutwa nzima alichokiona dirishani ni miguu tu. Alimjua mtu kwa soli kabla hajamjua kwa sura. Huyu anakanyagia nje, huyu anaburuta wa kushoto, huyu kaazima, viatu si vyake. Na yeye mwenyewe mdomo umejaa vimisumari na bado anaongea.

Mteja akileta kiatu cha kike kibadilishwe kisigino, hakosi kusikia habari ileile.

"Hiki unachokiona," Fundi angesema akikigonga kwa nyundo, "ni mali yetu wanaume. Wanawake wametupora."

"Acha chuku, Fundi."

"Chuku? Aliyenifundisha kazi alikuwa na kitabu cha picha. Wapanda farasi wa Uajemi, zamani hizo, walivaa visigino ili mguu ushike vizuri kile chuma kinachoning'inia pembeni mwa tandiko. Mtu asimame juu ya farasi, avute upinde, asianguke. Watu wa Ulaya wakaona, wakaiga. Kulikuwa na mfalme huko, si mrefu sana, akavipaka visigino vyake rangi nyekundu, na wakubwa wote waliomzunguka wakafuata. Ukija na kiatu cha bapa, wewe ni mtu wa kufagia uwanja."

"Sasa mbona mliviacha?"

"Wakaja wenye akili nyingi wakasema mwanamume hahitaji urembo. Tukateremka. Zikaja raizoni, tukapanda. Tukateremka tena."

Hapo angeanza kutafuta msumari ambao haukupotea.

Raizoni, kwa asiyezikuta, zilikuwa viatu vya soli nene kama tofali na kisigino cha kutisha, na wanaume walizivaa na suruali zilizopanuka chini za kufagia njia. Kwa vijana wengine ilikuwa fasheni ya msimu. Kwa Fundi ilikuwa kama kuzaliwa upya. Alijishonea pea yake, akaiongeza kidogo kuliko za dukani, na kwa miaka minne akawa na kimo kama watu. Ndani ya viatu hivyo aliingia ukumbi wa dansi, akamwona msichana mrefu mwenye shingo ndefu akicheza na kijana mshona nguo ambaye kila mtu alimwita Mlingoti. Walicheza nyimbo tatu. Fundi alizihesabu, na mpaka leo ukimuuliza ghafla atakuambia ni tatu.

Wimbo wa nne alicheza naye yeye. Mwaka haujaisha, akamwoa.

Siku ya kwanza nyumbani kwao alivua viatu mlangoni, akasimama pekupeku sakafuni. Mkewe aligeuka kumwambia neno, akaukuta ukuta, akainamisha macho.

"Kumbe!" akasema, akaangua kicheko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaketi chini, akamvuta mkono naye aketi, akaendelea kucheka begani mwake. Mwanamume mwingine angecheka pamoja naye yakaisha. Fundi alitabasamu, lakini kicheko kile kilimkwama kama mwiba wa samaki, kikakaa kooni miaka thelathini. Je, alichaguliwa yeye, au vilichaguliwa viatu? Hakuwahi kumuuliza mtu, mkewe ndiyo kabisa.

Ubaya ni kwamba Mlingoti hakuhama. Alioa, akafiwa na mke, akazeeka vile wanavyojaliwa watu wachache, mgongo umenyooka na nguo zimemkaa. Miguu yake ilipita dirishani kila asubuhi, namba arobaini na tano, haina haraka. Kila akiiona, Fundi aliacha kazi akaitazama mpaka ipotee. Na mkewe akirudi sokoni, maswali yalikuwa tayari.

"Umepita njia gani?"

"Njia ya siku zote."

"Ya kwa mshona nguo?"

"Nyingine iko wapi, Baba Watoto? Niruke?"

Angejitia hamnazo, akainamia kiatu. Lakini angeinua jicho kuangalia mkewe ana tabasamu la nani.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka binti yao wa mwisho alipoleta mchumba, na mchumba mwenyewe akawa mtoto wa Mlingoti. Fundi alitafuta kasoro kwa yule kijana kama atafutaye shimo kwenye soli, hakuiona. Kijana ana adabu, ana kazi, anampenda mtoto wake. Akakubali kwa mdomo. Ndoa ikafungwa. Ikabaki kitu kimoja ambacho binti alikitaka sana: picha ya familia mbili, studio, ikuzwe, itiwe fremu mbili, moja itundikwe huku na moja kule.

"Picha tu, baba. Dakika tano."

Picha tu! Mtoto hajui kitu. Mtu akipita mbele ya mtu amepita, lakini picha haiondoki ukutani. Fundi aliiona kabla haijapigwa: mkewe katikati, Mlingoti ubavuni pake, mabega sawasawa kama walioumbiwa fremu moja, na yeye pembeni kama kigoda kilichosahauliwa. Wajukuu watazaliwa, watanyoosha vidole na kuuliza, "Bibi alikuwa mke wa yupi?"

Jumatatu yake akashusha pazia la dirisha na kuanza kukata ngozi.

Hakuwahi kushona kiatu kwa uangalifu ule. Cheusi, cha heshima, ncha ya duara. Kisigino alikijenga kwa tabaka nane za ngozi ngumu, gundi katikati, vimisumari vya shaba, akakipiga msasa mpaka kikang'aa kama jiwe la mtoni. Vidole vinne kamili. Alikuwa anajua mkewe amemzidi vidole vinne. Alishampima kwa macho siku nyingi, akiwa amesimama kwenye fremu ya mlango.

Kisha ikaja suti. Mlingoti alikuwa ameshona suti mbili za kitambaa kimoja za kupigia picha hiyo, moja yake, moja zawadi kwa baba wa bibi harusi. Fundi alipovaa suruali juu ya viatu vipya, visigino vyote viwili vilikuwa nje, vinamtazama. Pindo lilishonwa kwa mguu wake halisi. Lazima lishushwe. Kumpelekea mshonaji mwingine nguo ya zawadi ni tusi, na mtaa ungejua kabla ya jua kuzama. Alizunguka chumba mara mbili. Akatia viatu kwenye mfuko, akaenda na suruali ileile mwilini.

Mlingoti alikuwa nyuma ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni.

"Karibu, mkwe! Inabana wapi?"

"Haibani. Ni fupi."

"Fupi?" Mlingoti aliinua nyusi. "Nilikupima mwenyewe. Haya, vaa viatu utakavyovaa siku hiyo, tuone."

Fundi akavitoa kwenye mfuko, akavivaa bila kumwangalia, akasimama. Mlingoti akapiga magoti na pini mdomoni, akainua ukingo wa suruali kwa kidole. Akakipapasa kisigino kwa dole gumba, juu mpaka chini.

"Tabaka ngapi?"

"Nane."

"Kazi nzuri. Kazi nzuri sana, mkwe. Ngoja nishushe yote, kisionekane." Akachora mstari kwa chaki. "Zamani tulivaa sote, unakumbuka? Mimi nilikuwa nagonga kichwa kwenye milango. Mama yangu nikamwambia nimepigana."

Fundi aliufuata ule mstari kwa macho. Huyu ananicheka, aliwaza. Ananifichia siri ili anishike nayo.

"Na mama watoto wako hajambo?" Mlingoti akauliza, pini ya mwisho bado mdomoni. "Bado ana kile kicheko chake?"

"Kicheko gani?"

"Si kile cha kukaa chini."

Kama angekuwa na msharasi wake wa kutobolea ngozi mkononi, sijui. Alivua suruali haraka mpaka pini zikamchoma, akasema atamtuma mtu aifuate, kisha akakumbuka hana wa kumtuma, akakaa kwenye benchi na nguo ya ndani na shati, akisubiri pindo lishonwe na mtu anayejua jinsi mkewe anavyocheka. Kile cha kukaa chini! Kwa hiyo hata kicheko kile hakikuwa chake peke yake.

Jumapili ikafika. Fundi alivaa mapema, akasimama katikati ya sebule. Mkewe alitoka chumbani kwa miguu mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa yao macho yao yakakutana bila mmoja kuinua wala kuinamisha. Mkewe alimtazama usoni, akashuka polepole mpaka kwenye pindo la suruali, akapanda tena. Fundi alisubiri kicheko.

"Ngoja kidogo," mkewe akasema, akarudi chumbani na kufunga mlango.

Amekwenda kucheka kwenye mto, Fundi akawaza. Akasikia kabati likifunguliwa. Akasubiri sana. Alipotoka, mkewe alikuwa na gauni refu linalogusa sakafu, na Fundi akaona jambo la kumkata maini: mke bado kamzidi. Si sana, vidole vitatu hivi, lakini kamzidi. Akajilaumu hapohapo. Ngozi haikukauka vizuri, tabaka zimekandamizika kwa uzito. Fundi wa miaka thelathini na mitano, kazi ya siku yake kubwa imebonyea kama andazi!

Njiani mkewe alitembea taratibu, amemshika mkono kwa nguvu. Zamani hakumshika hivyo. Fundi akaona anasitasita kwa aibu ya kuonekana naye.

Studio kulikuwa na pazia la rangi ya bluu na viti viwili vya mbao. Mpiga picha aliwapanga kwa kupiga makofi.

"Wazee wawili mbele, mkae. Mama nyuma yenu. Maharusi huku na huku."

"Mimi sikai," Fundi akasema.

"Mzee, ndivyo picha inavyopendeza."

"Nimesema nasimama. Nitasimama na mke wangu."

Binti akamtazama baba yake kwa macho ya kuomba. Mlingoti akacheka kidogo, akajishusha kwenye kiti. "Mwacheni mkwe wangu asimame. Mimi miguu yangu imekwisha kwa cherehani, naomba nikae."

Kiti cha pili kikaondolewa. Fundi akasimama bega kwa bega na mkewe, au tuseme bega kwa kwapa, akanyoosha shingo mpaka ikauma. Chini yake Mlingoti amekaa kama mtoto wa shule. Mwanga ukawaka. Roho ya Fundi ikatua kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

Ilitua siku tatu. Jumatano binti alileta picha, Fundi akaipeleka kwenye dirisha la chumba cha kazi, penye mwanga. Alijitazama kwanza: yuko vizuri, suti imekaa, kisigino hakionekani. Akamtazama Mlingoti: kakaa, mdogo, safi. Kisha akauona mkono. Mkono wa kushoto wa mkewe ulikuwa kwenye mgongo wa kiti cha Mlingoti, umekishika kwa vidole vyote vitano, na kidole gumba kinakaribia kabisa bega la koti.

Alimwita mkewe aliyekuwa jikoni, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Hii nini?"

"Picha yetu. Imetoka vizuri."

"Nakuuliza huu mkono! Nimesimama hapa, mumeo, mzima. Mkono wako unatafuta nini kule?"

Mkewe aliitazama picha, akamtazama yeye. Hakucheka. Alikwenda chumbani akarudi na kiatu cha kike mkononi, cheusi, kisigino chembamba kirefu, akakiweka juu ya picha.

"Nilikuwa naanguka," akasema. "Hivi ni vya dada yako, niliviazima siku nyingi nikavificha kabatini, vinanibana na sijui kuvitembelea. Wewe ulikuwa umejikaza kama nguzo, ningekushika ungeanguka nawe. Kiti kilikuwa karibu."

Fundi alikishika kiatu, akakigeuza bila kutaka, mkono wa mazoea. Soli ilikuwa na alama mpya ya mtu anayekanyaga kwa woga.

"Umevaa kisigino? Wewe hupendi visigino."

"Nani kakuambia?"

"Hujawahi kuvaa. Kila siku ndala, kila siku bapa."

"Miaka thelathini," mkewe akasema. "Unatazama miguu ya mtaa mzima kwenye hilo dirisha, unajua nani anaburuta na nani kaazima. Ya kwangu hukuwahi kuiuliza. Nilivipenda sana, tangu msichana. Nilikuwa nikiingia humu kazini kwako nikiwaonea wivu wateja wako, wanawake wa watu unawashonea virefu, mimi nakuja na ndala nisikuzidi zaidi ya nilivyokuzidi. Jumapili nikakuona umepanda mwenyewe. Nikasema, basi leo ruhusa."

Fundi alikigeuza kiatu tena. Wivu alidhani ni mali yake peke yake katika nyumba ile. Kumbe mwenzake naye alikuwa nao, tena kwa viatu vilivyotoka mikononi mwake.

Mkewe aliketi kwenye kigoda cha wateja, akanyoosha mguu mbele yake.

"Nipime. Sitaki tena vya kuazima."

Fundi alipiga magoti, akatandika karatasi sakafuni, akauweka mguu wa mkewe juu yake na kuanza kuuzungushia penseli. Mguu mwembamba, kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Hakuwa akijua. Alifika kisiginoni, penseli ikasimama.

"Na yeye," akauliza bila kuinua kichwa, "ulipomshikia kiti, alisema nini?"

"Alisema niangalie nisimkanyage."

"Hivyo tu?"

"Baba Watoto, maliza mguu."