Kaka Yangu Aliandika Kwamba Mama Aliacha Mtoto Mmoja

Admin, nifiche jina tafadhali, maana Tanga ni ndogo na tunajuana mpaka koo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mjane wa watoto wawili, naishi Mabawa na nashona nguo za wanawake. Asili yetu ni kijijini, Muheza. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka aliyenizidi miaka kumi na mbili. Baba alifariki nikiwa mdogo, hivyo kaka ndiye aliyenisomesha na ndiye aliyeniozesha. Nawaeleza haya mjue ninayemzungumzia si mtu baki.

Mama alizikwa kwenye shamba letu la michungwa, ubavuni mwa bibi, kama alivyousia. Mwaka jana wakaja wapimaji, wakasema reli ya mizigo inapanuliwa na njia mpya itapita hapo. Jamani, mimi sipingi reli. Malori yamejaa barabarani mpaka unaogopa kuvuka, mizigo ikienda kwa treni tutapumua wote. Tulichoomba ni njia isogezwe upande wa mkonge, kusiko na nyumba wala kaburi. Kaka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya kupinga. Alisimama mkutanoni akasema, "Mama yangu hafukuliwi nikiwa hai." Nililia siku ile. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini za wanawake, vitambaa vya wateja nimeviacha mezani, wenye harusi zao wananisema.

Wiki iliyopita tulikwenda wanawake saba ofisi ya kijiji kupeleka barua. Mtendaji akaisoma, akaniangalia kwa huruma fulani hivi. "Dada, pingamizi la kaburi linaletwa na watoto wa marehemu." Nikamwambia mimi ni mwanawe wa kumzaa. Akafungua faili, akanigeuzia. Ilikuwa fomu ya kukubali kuhamisha kaburi. Jina la mama, na chini yake: ameacha mtoto mmoja. Kisha jina la kaka, kiapo cha kaka na saini yake, ile ile aliyokuwa akiniwekea kwenye ripoti zangu za shule.

Wenzangu wakanigeukia. Mmoja akauliza polepole, "Kumbe mlikuwa mnatuchezea, wewe na kakako?"

Nikaenda moja kwa moja kwa kaka. Shikamoo nilimpa, kisha nikamuuliza kuhusu ile fomu. Hakukana. Alisema amepewa usimamizi wa vibarua kwenye mradi, na kwamba reli ingepita tu, tupige kelele tusipige. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuniandika?" Akajibu akiangalia pembeni, "Ningekuandika ungetakiwa kusaini, na nilijua utakataa. Halafu mdogo wangu, mambo ya makaburi tangu lini yakawa ya wanawake?"

Ni kweli, kwetu wanawake hatuendi kuzika. Siku ya mama nilibaki ndani na wenzangu, nikamwachia kaka akamlaze kwa mikono yake. Nilimkabidhi mama yangu kwa imani, na imani hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia. Kazi aliyopewa hainiumi, ana watoto, anatafuta. Kinachoniuma ni kwamba alishika kalamu, akafika kwenye nafasi ya watoto wa marehemu, akaniruka.

Mteja wangu mmoja ana mume mwanasheria. Huyo ameniambia nikipeleka cheti changu cha kuzaliwa, kazi ya kufukua itasimama na huenda njia ikajadiliwa upya. Lakini kaka anaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo, naye ana kisukari. Wifi yangu amekuja kunipigia magoti. Wale wanawake nao wananipigia simu, wanataka kujua niko upande gani.

Kufukua ni Alhamisi asubuhi. Nikinyamaza, mama atahamishwa na mimi nikiwa si mwanawe. Nikisema, aliyenilea ataingia ndani kwa mkono wangu. Mnaonisoma, wenye wazazi na msio nao, nishaurini, nifanye nini? Semeni lolote juu yangu nitalipokea. Ila kaka yangu msimtukane kwenye komenti, hilo sitaweza kulisoma.