Renji Iliyonishinda Adabu

Kucheka mtacheka, lakini wacha niseme. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari Ruiru. Renji ya zamani, ile gari ndefu ya Bwana Njoroge wa Thika, haikuwa na nati nisiyoijua. Mama yake, shosho wa magoti mabovu, tulimpandisha watu wawili: mmoja akivuta, mwingine akisukuma.

Siku moja wakaja na Renji mpya. Wueh! Nilipangusa mikono kabla hata ya kuiangalia. Shosho akashuka, mimi nikiwa bado naizunguka mdomo wazi.

"Hii nayo utaiweza?" Njoroge akaniuliza.

"Renji ni Renji, boss," nikajibu kifua mbele.

Wakati wa kuondoka, Njoroge akaingia, akabonyeza kitu. Gari ikatoa pumzi, fssss, ikaanza kuzama juu ya magurudumu yake yote manne! Niliruka nikashika bampa kwa mikono miwili.

"Leteni jeki! Inaanguka!"

Gereji nzima ikaja mbio. Shosho akanigusa bega kwa mkongojo wake.

"Iachilie, kijana," akasema. "Inainama nipande. Wewe hata kunisalimia hujanisalimia."