Sikio la Baba Mkwe

Nilikulia Kiwira, pale barabarani, ambako mtu na mke wa mwanawe wanaweza kubanana kwenye bodaboda moja na asigeuke yeyote kuwatazama. Kwa hiyo nilipoolewa Kisondela nikaambiwa kwamba katika nyumba ile mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hakatizi njia yake, nilicheka. Mama mkwe hakucheka. Alinionyesha kijia cha nyuma, katikati ya migomba, akaniambia hicho ndicho changu.

Baba mkwe alikuwa fundi wa chenso, misumeno ya injini inayoangushia miti. Si hizi mpya za dukani. Yeye alipenda kuukuu, zile nzito zilizosahaulika kwenye stoo za mashamba ya chai na kwenye nyumba za wapasua mbao waliokwisha kufa. Watu walimletea zikiwa ndani ya viroba, zimepakwa rangi ya nyumba, hazina jina wala namba. Alikwangua kwa ukucha chini ya tangi la mafuta, mahali ambapo brashi haifiki, akaona rangi ya kuzaliwa. Akapima kila moja uzito mkononi, akatazama skrubu zake, kisha akatamka ni ya aina gani na imetoka nchi gani. Hayo yote sikuyaona. Niliyasikia kupitia ukuta wa mabanzi uliotenga karakana na jiko langu, maana aliongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Chenso zilikuwa zimemla masikio yote mawili.

Balaa langu lilianzia hapo. Chenso ikishafunguliwa, ikasafishwa na kufungwa upya, inabaki kazi ya mwisho, nayo ni ya sikio. Kuna skrubu ndogo kwenye kabureta. Ukiikaza mno, petroli inapungua, na kwa kuwa oili imechanganywa humohumo kwenye petroli, pistoni inakauka. Mashine inapiga mluzi mwembamba, mtamu kwa asiyejua, halafu inaungua. Ukiilegeza mno, inatapika moshi. Iliyo sawa inagugumia kidogo ikiwa haina kazi, na ukiitia kwenye gogo sauti inanyooka. Fundi kiziwi atayajuaje hayo? Mbili zilikuwa zimemfia mkononi.

Siku moja, nikimenya ndizi, nikasikia ule mluzi. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, ile ina kiu. Mwambie alegeze." Mdomo wangu huu! Alikwenda, akamwonyesha kwa ishara, mashine ikatulia. Wiki hiyohiyo kamba ya katani ikapenyezwa kwenye tundu la ukuta, ncha moja kando ya mafiga yangu, ncha nyingine kwenye kifundo cha mguu wa baba mkwe. Nikivuta mara moja, legeza. Mara mbili, kaza. Mara tatu, acha hapohapo. Aliyefungwa kamba alikuwa yeye, lakini aliyeshindwa kwenda popote ni mimi.

Mume wangu alikuwa Mbeya, kwenye kazi ya kupakia parachichi, amepanga chumba. Mwaka wa kwanza alisema njoo. Mwaka wa pili akasema subiri kidogo, baba ana kazi nyingi. Mwaka wa tatu akaanza kuuliza habari za mashine kabla ya kuuliza habari zangu. Nilikosa harusi ya mdogo wangu, Kiwira tu hapo, kwa sababu kuna mtu alikuwa anasubiri chenso yake. Nikienda sokoni Tukuyu, wateja walinikuta kwenye nyanya: "Dada, rudi basi, fundi anakungoja." Wote walinisifu. Sifa zile zilinielemea, na hakuna niliyeweza kumlalamikia, kwa sababu hakuna aliyenifanyia ubaya.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Nkunga na chenso ya marehemu baba yake. Alitaka kuangusha mikaratusi aliyoipanda baba yake kwa mashine ya baba yake, apate mbao za nyumba. Ilikuwa imeshikana kwa kutu hata kamba ya kuwashia haivutiki. Baba mkwe aliilea miezi miwili. Aliiloweka silinda kwenye mafuta ya taa, akasugua platini za kutoa cheche, akakata gasketi mwenyewe kwa mkasi, akanoa mnyororo jino kwa jino kwa tupa. Nilimsikia akiisemesha Kinyakyusa, kwa sauti ambayo bila shaka alidhani ni ya kunong'ona.

Nami miezi hiyo miwili nilikuwa napanga. Hii ikiungua, nilijisemea, atakubali kwamba kamba haifai, atafunga karakana, nami nitapanda gari la Mbeya. Siku ya kuiwasha ilivuma vizuri, ikagugumia kama inavyotakiwa. Ilikuwa sawa kabisa. Nikavuta mara mbili. Sauti ikapanda. Nikavuta mara mbili tena, mpaka ukaja ule mluzi. Kisha nikavuta mara tatu, acha hapohapo, nikarudi kupuliza moto wangu.

Kesho yake mchana yule bwana wa Nkunga alirudi na bodaboda, chenso mapajani. Hakugomba. Afadhali angegomba. Nikachungulia kwenye tundu la kamba, nikaona mikono ya baba mkwe ikichomoa pistoni iliyokwaruzika vibaya upande wa kutolea moshi. Kwa kovu lile, hata mimi niliyajua yaliyoipata.

"Kosa langu!" alipaza sauti, kwa ulimi wake wa Kinyakyusa usiojua z wala sh. "Kamba ilisema legesa, mimi nikakasa. Nimeseeka, bwana."

Akaingia ndani, akatoka na chenso yake mwenyewe, ile aliyojifunzia kazi ujanani, ambayo hakumruhusu mtu hata kuifuta vumbi. Akamkabidhi yule bwana, akamsindikiza mpaka barabarani.

Nikangoja afunge karakana. Jumapili, baada ya ibada, mama mkwe akanijia jikoni na kuku jike na kitenge kipya, anacheka kama msichana. "Mzee anakuondolea mwiko," akasema. "Wewe sasa ni mtoto wake." Akanishika mkono, akanipitisha mlango wa mbele. Mabanzi ya ukuta yalikwisha kung'olewa, jiko na karakana vimekuwa chumba kimoja. Nikamwona baba mkwe uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na macho ni ya mume wangu.

"Karibu, mwanangu," alisema, akiniwekea bisibisi mkononi. "Kuansia leo skrubu unakasa wewe. Hata nikifa, masini hasitakosa mtu."

Bisibisi ikiwa bado mkononi, simu ikaita kwenye pindo la kanga. Ni mume wangu. Mama mkwe alikwisha kumwambia. "Umetuheshimisha sana," alisema. "Kile chumba nimekiacha, hakihitajiki tena, nalala na wenzangu wa kazini. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi." Nilisema sawa. Nikaifunga tena simu pindoni.

Mama mkwe akatoka kwenda kumchinja kuku. Tukabaki wawili, na kifua changu kikakataa kulibeba lile jambo hata dakika moja zaidi. Nikamtazama machoni, nikasema, tena kwa sauti, "Baba, ile mashine niliiua mimi. Makusudi. Nilitaka kwenda Mbeya."

Aliitazama midomo yangu ikicheza. Akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ndaga, mwanangu," alisema, akinirudishia asante kwa Kinyakyusa. "Na mimi nimefurahi."

Baba mkwe anajua kusoma. Kila Jumapili huibeba Biblia yake na kufuata mistari kwa kidole. Maneno yale ningeweza kumwandikia kwenye karatasi yoyote. Huu ni mwaka wa tano tangu siku ile, sijamwandikia.