Bajeti Haijapita

Juzi redio ilisema wabunge wa jimbo letu wanagombania kodi ya samaki, na bajeti haijapita. Niliizima.

Maneno hayo niliyasikia utotoni, katika zahanati iliyonuka kreolini ya kusafishia sakafu. Dada yangu mdogo, Mado, alikuwa na homa kali. Muuguzi akamwambia mama, "Mama, dawa haiko. Bajeti haiyapita bado."

Kwetu Kamina, kinachopita ni treni. Nikakimbia relini kuisubiri. Treni ya Bukama ikapita, ikinuka samaki wakavu. Nikamwuliza mfanyakazi wa reli, nikiinyoshea treni kidole, "Papa, bajeti njo hii?"

Akacheka. "Weye mutoto! Ile haina magurudumu."

Niliporudi, mama alikuwa amemfunika Mado uso kwa kitenge.

Sasa najua bajeti ni nini. Kalenga na Mutombo, wakuu wa kambi mbili za baraza la jimbo wakati ule, ndio walioizuia, kila mmoja akiogopa mwenzake asije akasifiwa. Wote wawili walizeeka vizuri.